Kufungua vyuma vilivyoganda unapong'oa usukani wa mashua ya tanga

Kung'oa usukani ni kazi ya asubuhi moja. Unatoa kana, ule mkono wa kugeuzia usukani, unafungua boliti chache, unaushusha au unaunyanyua, umemaliza. Kinachoigeuza kuwa kazi ya wiki nzima ni vyuma vilivyoganda: boliti ya stenlesi iliyokaa miaka ndani ya alumini, pini ya bawaba iliyojaa magamba ya bahari, nati ambayo pembe zake zimeshalika kwa spana ya aliyetangulia. Mwongozo huu ni wa hivyo vyuma.

Nimewalenga wenye mashua za faiba za futi 16 hadi 30, kama zile zinazofungwa Dar es Salaam, ghuba ya Msasani, Kunduchi na upande wa Kigamboni. Mwenye chombo cha mbao naye atapata lake, maana bawaba za chuma kwenye fashini, ule mti wa nyuma unaobeba usukani, huganda kwa tabia zilezile.

Kuna sukani za aina mbili. Ya kwanza huning'inia nje ya tezi, yaani nyuma ya chombo, kwa bawaba, dume lenye pini na jike lenye tundu. Ya pili ina mhimili unaopita kwenye bomba ndani ya chombo, na juu yake kinakaa kichwa kinachoshika kana. Ya kwanza haina maneno mengi. Ya pili ndiyo itakayokula muda wako, na ndiyo nitakayokaa nayo zaidi.

Jua kwanza metali ipi imeshikana na ipi

Wengi huanza kwa kutafuta bomba la kurefushia mkono wa spana. Liweke pembeni. Chukua sumaku, hata ile ya spika iliyokufa, uipitishe kwenye kila boliti na kila bawaba. Ikinasa kwa nguvu, hicho ni chuma cha kawaida au chuma kilichopakwa zinki. Isiponasa, au ikinasa kivivu, huenda ni stenlesi ya daraja la 304 au 316. Alumini, shaba na bronzi hazinasi kabisa. Hizo zikwarue kwa ncha ya kisu mahali pasipoonekana. Alumini hutoa mkwaruzo mweupe na ni laini, shaba ya njano hung'aa njano, bronzi huwa na wekundu wa hudhurungi.

Halafu angalia unga uliojikusanya kwenye maungio, kwa sababu huo ndio utakaokwambia uanze na nini.

Unga mweupe maana yake alumini inaliwa. Alumini na stenlesi zikigusana huku zimelowa maji ya chumvi zinafanya betri ndogo, na anayelipa ni alumini. Oksidi inayotokea inataka nafasi kubwa kuliko metali iliyoliwa, hivyo inavimba ndani ya uwazi na kuibana boliti pande zote. Hapa mafuta peke yake hayafiki mbali. Joto na mgongo wa nyundo ndivyo vitakavyofanya kazi.

Unga mwekundu ni kutu ya chuma cha kawaida. Huyu husikia mafuta ya kupenya kuliko wote, mradi umpe muda.

Ukijani ni bronzi au shaba. Bronzi mara nyingi imeshika juujuu tu na itafunguka bila vita. Shaba ya njano ni habari nyingine: ikikaa sana chini ya maji hupoteza zinki yake, inabaki na rangi ya waridi na kuvunjika kama biskuti. Ukiona waridi kwenye kichwa cha skrubu, usitarajie kuitoa nzima.

Stenlesi ndani ya stenlesi haionyeshi unga wowote, na ndiyo inayowashangaza watu. Nyuzi zake, ile michirizi inayozunguka boliti, zikikazwa kavu huchubuana na kung'ang'aniana zenyewe. Nati ya namna hiyo ikianza vizuri kisha ikagoma katikati ya njia, rudisha nyuma kidogo, weka mafuta, ujaribu taratibu. Ikigoma mara ya pili, ikate. Ukiilazimisha itazidi kujisaga mpaka boliti ikatike mahali ambapo hukupanga.

Na kuna mambo mawili yanayodhaniwa kutu wakati si kutu. Moja ni chokaa ya magamba ya bahari iliyoota kati ya pini na tundu la bawaba. Hiyo huyeyuka kwa siki au maji ya ndimu. La pili ni bushi ya nailoni, ile pete ambamo mhimili unazunguka. Nailoni hunyonya maji na kuvimba, na mhimili ukabanwa huku vyuma vyote vikiwa salama. Kana nzito kwenye chombo chenye bushi za nailoni sio lazima iwe na uhusiano wowote na kutu.

Panga siku kwa bamvua

Kama huna toroli la kupandishia chombo, utakipweleza pwani. Dar es Salaam ina bahati moja: wakati wa bamvua, siku ya mwezi mpevu au mwandamo na siku mbili tatu zinazofuata, maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa sita za asubuhi. Tofauti ya kupwa na kujaa hupita mita 3. Kwa hiyo unaegesha chombo maji yakiwa juu alfajiri, kinakaa mchangani asubuhi, na una saa kadhaa za kukavu kabla maji hayajarudi. Saa za siku yako zitazame kwenye jedwali la maji la Mamlaka ya Bandari. Ukikosea ukapweleza kilele cha bamvua, siku zinazofuata maji hayatapanda tena kufika pale, na chombo kitakusubiri hapo mpaka bamvua nyingine. Pweleza siku mbili kabla ya kilele.

Usukani wa mhimili unahitaji nafasi chini yake sawa na urefu wa mhimili wote ulio ndani ya bomba. Mchangani maana yake ni kuchimba shimo. Lichimbe mwishoni, ukishajua kuwa juu kumefunguka, kwa sababu maji hujaa ndani yake na kingo huporomoka.

Tafadhali usiipeleke kazi hii Mbudya wala Bongoyo. Visiwa hivyo ni hifadhi ya bahari tangu 1975, na rangi ya kuzuia viumbe utakayoikwangua ina sumu ya shaba. Hata pwani ya kawaida tandika turubai, kwangua ikiwa imelowa, vaa barakoa, na uondoke na taka zako.

Wiki moja kabla: lowesha

Mafuta hayapenyi kwa dakika kumi. Anza wiki nzima kabla, chombo kikiwa bado kwenye boya lake, kwa vyuma vyote vilivyo juu ya maji. Kopo la WD-40 ambalo kila mtu analo ni zuri kwa kufukuza maji, lakini kwa boliti iliyoganda kweli kuna mchanganyiko ulio bora na wa bei ndogo: nusu asitoni ya duka la rangi, nusu oili ya gia ya otomatiki, ile nyekundu inayouzwa vituo vya mafuta. Hivi viwili havipatani, hujitenga vikitulia, kwa hiyo tikisa kila unapotia. Tumia kopo la chuma lenye mdomo mwembamba. Asitoni huyeyusha plastiki nyingi, huharibu rangi, na haitakiwi kugusa bushi za plastiki.

Asubuhi na jioni tia matone, kisha gonga kichwa cha boliti mara kadhaa kwa nyundo ndogo. Mtikisiko ndio unaofungua njia ya mafuta. Kutia mafuta bila kugonga ni kupaka tu.

Jambo moja nalisema mapema na nitalirudia: asitoni hushika moto hata kwenye ubaridi. Ukishaitumia, tochi ya gesi isikaribie mpaka kila kitu kimekauka na upepo umepita.

Funga usukani kabla hujagusa spana

Usukani wa faiba ulioingia maji ndani ni mzito kuliko unavyofikiri, na wenye povu jepesi ndani hutaka kuelea. Wote wawili huondoka ghafla boliti ya mwisho ikitoka. Pitisha kamba chini ya bapa la usukani au kwenye tundu lake, uifunge juu kwenye chombo. Piga picha za kila upande kwa simu na uchore alama ya kalamu ya rangi kati ya kichwa cha kana na mhimili, ili siku ya kurudisha kana isije ikatazama kushoto wakati usukani umenyooka.

Safisha, halafu tafuta kilichofichwa

Hatua hii inarukwa kuliko zote. Chukua brashi ya waya, ya shaba au ya stenlesi. Ya chuma cha kawaida huacha chembe zake juu ya stenlesi na wiki ijayo utaona madoa ya kutu. Kwenye skrubu za bisibisi, mfereji wa kichwa umejaa rangi ya miaka. Uchokonoe kwa pembe ya wembe wa msumeno wa chuma uliovunjika mpaka uone metali ng'avu chini kabisa. Bisibisi inayokaa juu ya milimita moja ya rangi itateleza, na kichwa kikishalika umejiongezea kazi ya kutoboa.

Sasa kwangua rangi yote kuzunguka bawaba na kichwa cha kana, utafute vitu hivi: spliti pini iliyokunjwa na kufunikwa na rangi, seklipi (pete ya chemchemi ya kufungia) ndani ya mtaro wake, skrubu isiyo na kichwa iliyozama ubavuni, na kii, kipande cha chuma kinachovifunga vizunguke pamoja, kati ya mhimili na kichwa cha kana. Bawaba za mashua ndogo huwa pia na klipu ya chemchemi inayozuia usukani usichomoke. Nyundo nyingi zimepigwa Msasani kupambana na "kutu" ambayo ilikuwa pini moja ya milimita 4 chini ya rangi. Skrubu iliyozama toa kwa ufunguo wa pembe sita ulio mpya, uliogongwa ndani kwanza; uliochakaa utaizungusha pembe zake na kukuachia tundu la mviringo.

Spana iliyo sahihi

Mashua nyingi zilizoko hapa zilitoka nje zikiwa na boliti za inchi. Spana ya 13 kwenye kichwa cha boliti cha nusu inchi inaingia, tena inaonekana imekaa, lakini nusu inchi ni milimita 12.7, kwa boliti iliyoganda hizo sehemu tatu za milimita zinatosha kula pembe. Kwa robo tatu ya inchi spana ya 19 inafaa kabisa. Mtaa wa Gerezani utapata spana za inchi za mtumba, zenye chuma kizuri kuliko seti nyingi mpya zinazong'aa. Nunua ya ringi au soketi yenye pembe sita. Ya pembe kumi na mbili inashika ncha tu.

Spana ikishakaa, kaza kwanza. Ndiyo, kaza, kidogo sana, kama unataka kuisogeza kwa unywele. Oksidi huvunjika kwa upande wowote, na boliti haitegemei upande huo. Ukisikia mlio mkavu wa kukatika na spana ikasogea, umeshapata nusu ya kazi. Sasa legeza robo ya mzunguko, tia mafuta, rudi nyuma, legeza tena. Usizungushe mfululizo hata ikiwa inakuja: unga unaotoka kwenye nyuzi hujikusanya mbele na kuigandisha upya.

Ikiwa spana inapinda kama chemchemi na mkono haupati ile hali ya kitu kusogea, acha. Hapo ndipo boliti hukatika.

Nyundo, kwa adabu

Gonga kichwa cha boliti moja kwa moja kwa panchi ya shaba na nyundo ya ratili mbili, mapigo mafupi makavu. Kwa skrubu kuna bisibisi ya kugonga, ile inayozunguka kidogo kila ukiipiga kichwani. Mafundi wa pikipiki wanayo, na kwa skrubu za bawaba haina mpinzani.

Kwa kitu cha mviringo kilichoshika mhimili, tumia nyundo mbili. Nyundo nzito ishikwe imara upande mmoja, nyingine ipige upande wa pili. Pigo linapita katikati ya metali badala ya kupotelea kwenye chombo. Ukiwa unagonga bawaba iliyofungwa kwenye tezi, lazima mtu ashike nyundo nzito au gogo kwa nyuma, la sivyo pigo lote linaingia kwenye faiba na utaona nyufa za nywele kwenye jelikoti, lile ganda la juu la faiba, kabla hujaona boliti ikisogea.

Joto: ni kiasi gani na wapi

Faiba haipendi kupita nyuzi joto 80. Kipimo cha mkono kinatosha: weka kiganja kwenye faiba karibu na unapopasha, kama huwezi kukiacha hapo, pumzisha.

Kwa boliti iliyozamishwa kwenye gundi ya epoksi au silanti ngumu, joto dogo linalegeza gundi, na huhitaji mwali. Pasha ncha ya nondo kwenye jiko la mkaa, bila kuifikisha kwenye wekundu, uibane juu ya kichwa cha boliti kwa dakika moja au mbili. Joto hushuka kwa boliti yenyewe hadi ndani ya gundi, na faiba ya pembeni inabaki baridi. Jaribu spana hapo hapo. Bawaba ikibaki imenata kwenye tezi baada ya boliti zote kutoka, pitisha mshipi wa kuvulia nyuma yake na uuvute huku na huku kama msumeno. Unakata silanti nyororo kabisa bila kuchubua kitu. Patasi ingekula jelikoti.

Kwa chuma kilichopakwa zinki, tochi ya gesi inatoa moshi mweupe wa zinki unaoleta homa na kutetemeka usiku huo. Kama ni lazima, fanya nje, upepo ukiwa mgongoni, na kwanza ondoa zinki hapo kwa msasa uliolowa.

Baada ya kupasha, usitie mafuta ya kupenya kwenye kitu cha moto. Gusisha mshumaa. Nta inayeyuka na kuvutwa ndani ya nyuzi, na ikipoa inabaki kuwa kilainishi.

Kichwa cha kana kilichoganda kwenye mhimili

Hapa ndipo penye vita. Kwa kawaida kichwa ni cha alumini, mhimili ni wa stenlesi, na kati yao unga mweupe umeshindiliwa kwa miaka. Kichwa kina mpasuo ubavuni na boliti moja au mbili za kukibana.

Toa boliti za kubana kabisa, kuzilegeza hakutoshi. Hakikisha kii na skrubu zilizozama zimepatikana. Kisha ufungue mpasuo. Njia safi ni hii: kama upande mmoja wa mpasuo una nyuzi, ingiza boliti kutoka upande huo, na ndani ya mpasuo weka kipande cha chuma bapa ili ncha ya boliti isukume hapo. Unavyokaza, mpasuo unafunguka. Kama pande zote mbili hazina nyuzi, ingiza tindo nyembamba kama kabari. Kwa njia zote mbili simama mapema. Alumini iliyomiminwa haipindi sana. Inapasuka, na kichwa kipya hakipatikani dukani mjini. Unatafuta nusu milimita, basi.

Sasa maji ya moto. Faida iko kwenye namba: alumini hupanuka kwa joto kwa karibu mara moja na nusu ya stenlesi. Ukipandisha joto la kichwa cha kana peke yake kwa nyuzi 70, tundu la milimita 30 linapanuka karibu 0.05 mm. Ni kidogo kwa macho, lakini kwa unga uliokauka ni mpasuko. Funga kitambaa kwenye mhimili chini na juu ya kichwa na ukiloweshe maji baridi, kisha mwaga birika mbili za maji yanayochemka juu ya kichwa tu, taratibu. Vaa glavu za mpira na viatu. Kwenye sakafu ya chombo maji hayo yanajua kufuata miguu. Maji yanayochemka hayawezi kupita nyuzi 100, kwa hiyo huwezi kuharibu alumini kwa kusahau, tofauti na tochi.

Papo hapo weka pula. Kwa fundi gari yeyote ipo ya mikono miwili ya kung'olea puli na beringi. "Kaka, naomba uniazime pula hadi jioni," na rehani ya simu ukitakiwa. Mikono ishike chini ya kichwa cha kana, skrubu ya kati ikae juu ya mhimili, na kati yake weka kipande cha shaba ili usiharibu ncha. Kaza mpaka iwe ngumu, halafu simama. Gonga kichwa cha skrubu ya pula pigo moja kali. Kisha zile nyundo mbili ubavuni. Kaza robo tena. Isipotoka, iache ikiwa imevutwa hivyohivyo, tia maji moto mengine, nenda kanywe chai. Mara nyingi kinachotoka hutoka wakati hakuna mtu anayekigusa, kwa mlio mmoja, na pula inaanguka sakafuni.

Siki nayo ina nafasi hapa. Imwage kwenye mpasuo usiku uliotangulia. Inakula chumvi na sehemu ya ule unga. Asubuhi suuza kwa maji baridi mengi, maana siki ikibaki itaendelea kula alumini yenyewe.

Mhimili kushuka

Kichwa kikitoka, kagua kamba uliyofunga mwanzoni, kwa kuwa sasa ndiyo inayoushika usukani. Legeza grandi inayozuia maji kama ipo, toa vifungo vyake na kamba laini ya ndani. Chimba shimo sasa. Mtu mmoja achezeshe bapa kushoto na kulia, mwingine asukume mhimili chini kwa gogo na nyundo ya mbao. Kama ncha ya mhimili ina nyuzi, rudishia nati usawa na ncha kabla ya kugonga.

Ukishuka sentimita chache ukakwama, usilazimishe. Pandisha, futa unga na grisi ya zamani iliyokauka, piga msasa laini sehemu iliyotokeza, shusha tena. Kwa bushi ya nailoni iliyovimba, kugeuzageuza huku ukishusha hufanya kazi zaidi ya nyundo.

Kwa usukani wa bawaba mambo ni mafupi. Loweka siki kwenye pini usiku kucha, kwangua magamba, kisha gonga kwenda juu kwa zamu: bawaba ya chini kidogo, ya juu kidogo. Ukigonga moja tu, pini za nyingine zinapinda na kujibana.

Ikigoma kabisa: kata au toboa

Nati ni bei ya soda. Tezi ni bei ya mashua. Kata nati bila huruma. Kwa grenda, kata ubavu mmoja sambamba na boliti mpaka karibu ufikie nyuzi, ingiza tindo, ipasue. Funika faiba kwa bati na kitambaa kilicholowa, cheche za grenda huchoma jelikoti na kuacha vidoti vya kutu. Hakikisha asitoni na makopo ya rangi viko mbali.

Boliti iliyokatika ndani, kwa mfano ya milimita 8: lainisha juu, piga alama katikati kwa senta panchi, anza na drili ya 3, kisha 5, mwisho 6.8. Stenlesi hutaka mwendo wa polepole, mkandamizo mkubwa na oili. Drili ikizunguka kasi bila kukata, inaikomaza stenlesi na hapo hakuna kitakachoingia. Tumia drili za kobalti. Vile vichomoleo vya kuingiza kwenye tundu na kuzungusha kinyume, mimi sivipendi kwa boliti ndogo: ni chuma kigumu sana, kikikatikia ndani hakuna drili ya kawaida itakayokitoboa.

Kama kipande kimeng'oka na kiko mkononi, mpelekee fundi wa kuchomelea achomelee nati juu ya boliti iliyokatika. Joto la kuchomelea peke yake huivunja kutu na mara nyingi boliti hutoka kwa spana ya kawaida. Usifanye hivyo kipande kikiwa bado kwenye faiba.

Wakati wa kurudisha

Boliti zilizotoka usizirudishe, hata zinazong'aa. Stenlesi iliyofichwa ndani ya mbao au silanti yenye unyevu usiopata hewa huliwa katikati, kichwa na ncha zikabaki nzuri. Zikunje kwenye jiliwa uone: nyingine zitakatika kwa mkono.

Dukani, muuzaji atakwambia, "Bosi, hii stenlesi orijino." Mwombe ukione kichwa cha boliti. Kinachotakiwa baharini ni muhuri wa A4, ambao ni daraja la 316. A2 ni 304 na itaanza madoa mapema. Isiyo na muhuri wowote mrudishie.

Kati ya stenlesi na alumini weka pasta ya kuzuia kuganda inayoruhusiwa kwa alumini, kama Duralac au Tef-Gel, na washa za nailoni palipo na nafasi. Usitumie grisi yenye unga wa grafaiti wala pasta ya shaba kwenye alumini. Zote mbili zinaiongezea ile betri nguvu. Ukikosa kabisa, lanolini au hata grisi nyeupe ya baharini ni bora kuliko kukaza kavu. Kwa stenlesi ndani ya stenlesi pia paka, na kaza kwa mkono taratibu, kamwe usitumie mashine ya kufungulia matairi.

Paka pasta ndani ya kichwa cha kana chote, na kwenye kii. Rudisha kwa alama ulizochora, kaza boliti za kubana kwa zamu, kunja spliti pini mpya. Zungusha kana mwisho hadi mwisho kabla maji hayajafika, maana bushi iliyokaa upande utaisikia sasa na sio ukiwa nje ya Bongoyo kwenye upepo wa kusi. Andika kwenye daftari la chombo saizi ya kila boliti na kama ni ya inchi, na kila baada ya miezi sita legeza boliti za kichwa cha kana nusu mzunguko, paka pasta, kaza tena.